Mgeni Asiyemponya Mwenyeji: Jinsi Faji Inavyozaana Ndani ya Bakteria

Ninyi mnaoyasoma maneno haya yaliyopigwa chapa baada ya kutangazwa mna faida moja kuliko wenzenu waliosikiliza: penye ugumu mwaweza kurudi nyuma mkasoma tena. Leo pana mahali pagumu pawili, nami nitawaambia tukifika.

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumza habari za bakteria. Tuliona kwamba bakteria ni kiumbe cha chembe moja tu ya uhai, asiyeonekana kwa macho pasipo darubini, na kwamba huzaana kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Wapo wanaotuletea maradhi kama kipindupindu na dondakoo, na wapo wengi wasiotudhuru kabisa, ambao wamo matumboni mwetu hivi sasa wakila pamoja nasi. Leo nataka tuseme habari za kitu kinachowaua wao. Maana bakteria nao wana maradhi yao! Adui yao ni kirusi kiitwacho bakteriofaji, maana yake mla-bakteria. Kwa kifupi tutakiita faji.

Swali la leo ni moja. Faji moja humwingia bakteria mmoja. Baada ya nusu saa hivi bakteria hupasuka, na ndani yake hutoka faji mia. Hizo mia zimepatikanaje? Usiwe mwepesi kujibu kwamba zimegawanyika kama wagawanyikavyo bakteria. Mabingwa wengi walidhani hivyo hivyo. Ilipita miaka zaidi ya 35 kabla hawajajua kwamba sivyo, na katikati ya miaka hiyo palikuwa na ugomvi mkali ambao nao ni sehemu ya somo letu.

Tuanze London, mwaka wa 1915. Bwana Frederick Twort alikuwa akitaka kuotesha kirusi kilicho katika chanjo ya ndui juu ya agari, yaani ile rojo inayoganda ambayo wataalamu huilishia vijidudu katika sahani za kioo. Kirusi hakikuota. Walioota ni bakteria fulani tu waliokuwa wamechanganyika na chanjo. Mtu mwingine angeitupa sahani na kuanza upya, lakini Twort aliona kwamba baadhi ya vidonge vya bakteria wale vilikuwa vikibadilika, vikawa vyeupe vya kupenya mwanga kama kioo. Bakteria walikuwa wamekufa wakayeyuka. Akachukua kidogo cha kioo kile kwa ncha ya sindano akagusa nacho bakteria wazima. Nao wakageuka kioo. Akakizimua kwa maji hata sehemu moja ikawa katika milioni, bado kikaua. Akakipitisha katika chujio la kaure ambalo bakteria hawapiti, nacho kikapita.

Ni nini hicho? Twort aliandika kwamba huenda ni kiumbe kidogo mno, au huenda ni kimeng'enya, yaani kitu cha jamii ya kile kilichomo katika mate yetu kinachoanza kukiyeyusha chakula mdomoni, nacho kimetengenezwa na bakteria wenyewe. Hakukata shauri. Mimi namsifu kwa hilo, kwa sababu ushahidi wake haukutosha kukata shauri. Tena ulikuwa wakati wa vita; fedha za utafiti zilipungua, naye akaingia katika jeshi la matabibu. Jambo likalala.

Sasa tuvuke bahari twende Ufaransa, mwaka uleule wa 1915. Huko Maisons-Laffitte, karibu na Paris, askari wa farasi walishikwa na kuhara damu. Katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris alikuwako mtu mmoja, Félix d'Herelle, ambaye alikuwa amefanya kazi Guatemala na Mexico, na ambaye elimu yake nyingi alijifundisha mwenyewe. Yeye alichuja kinyesi cha wagonjwa kwa chujio la kaure, akachanganya maji yaliyochujwa na bakteria wa kuhara damu. Chupa iliyokuwa na bakteria wengi huwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Siku moja, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, aliikuta chupa yake imekuwa safi kabisa, bakteria wote wameyeyuka. Na aliyekuwa mgonjwa hospitalini naye alikuwa amepata nafuu usiku uleule.

Habari hii ilisomwa mbele ya wataalamu wa Paris mwezi wa Septemba 1917, na d'Herelle ndiye aliyetoa jina bakteriofaji. Lakini jambo lake kubwa, nionavyo mimi, si jina. Ni hesabu. Alipaka bakteria juu ya agari hata wakafanya utando mzima, kisha akatia faji. Palipoanguka faji, utando ukatoboka pakawa na kidoa kitupu. Halafu akazimua maji ya faji. Fikiri nami hapo. Ukitia sukari katika chai kisha ukaongeza maji, utamu hupungua kila mahali. Hakuna tone lenye utamu wote na jingine lisilo na utamu. Lakini ukiwa na gunia la maharagwe ukaligawa nusu kwa nusu, kila nusu ina maharagwe mazima, ila idadi yake imepungua. Sasa faji ilikuwa kama sukari au kama maharagwe? D'Herelle alipozimua mara kumi, vidoa havikufifia. Vilipungua idadi mara kumi. Basi faji ni punje, moja moja, na kila kidoa kimeanzishwa na punje moja iliyozaana mahali pale. Kwa hiyo alisema: hiki ni kiumbe, ni kirusi kinachoishi kwa kuwala bakteria.

Mwaka wa 1919 alikwenda hata kuwatibu watu. Katika hospitali ya watoto ya Paris alikuwako mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akihara damu vibaya sana. Kabla ya kumpa mtoto dawa ile, d'Herelle aliinywa yeye mwenyewe, na madaktari wanafunzi wakainywa pia, ili kuona kama ina madhara. Hawakudhurika. Mtoto akapewa, akapona.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Huko Brussels alikuwako Jules Bordet, mtu mwenye heshima kubwa, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919. Bordet alisema: kirusi hakuna. Kinachowayeyusha bakteria ni kitu kinachotoka kwa bakteria wenyewe. Naye hakusema ovyo. Alikuwa na ushahidi. Wapo bakteria wanaoonekana wazima kabisa, ukawaotesha kizazi baada ya kizazi bila kuwatilia faji yoyote, na hata hivyo maji waliyokaa yakitiwa kwa bakteria wa namna nyingine huwaua. Faji hiyo imetoka wapi kama si ndani yao? D'Herelle akajibu kwamba bakteria wa Bordet wamechafuliwa tu, kuna faji za nje zilizojificha kati yao. Wakaandikiana maneno makali miaka na miaka. Weka ugomvi huu akilini, tutaurudia.

Sasa twende Marekani, mji wa Pasadena katika California. Mwaka wa 1936 Bwana Emory Ellis alianza kusoma habari za faji. Alizipata wapi? Katika maji machafu ya mji wa Los Angeles, maana palipo na kinyesi pana bakteria, na palipo na bakteria pana faji. Akaungana naye Mjerumani mmoja, Max Delbrück, ambaye hakuwa mtu wa elimu ya viumbe bali wa fizikia. Delbrück alikuwa amekuja kusoma habari za urithi katika mainzi. Alipoona vidoa vya Ellis, na kwamba kila kidoa chaweza kuhesabiwa kwa kidole, akaona hicho ndicho kitu alichokitaka: kiumbe kidogo kuliko vyote, chenye kuzaana upesi, na hesabu yake ni rahisi.

Hapa ndipo mahali pagumu pa kwanza. Ellis na Delbrück walichanganya faji na bakteria kwa dakika chache ili faji zipate kuwaingia. Kisha wakamwaga mchanganyiko ule katika maji mengi, bakteria wakawa mbalimbali mno, ili faji zitakazotoka baadaye zisipate bakteria mwingine wa kuingia. Kila baada ya dakika chache walichukua tone wakalitia katika sahani yenye utando wa bakteria, wakahesabu vidoa. Kumbuka: bakteria aliyeingiwa akiwekwa juu ya utando kabla hajapasuka atafanya kidoa kimoja tu, kwa sababu faji zake zote zitatokea mahali pamoja. Lakini akipasuka kabla ya kuwekwa sahanini, faji zake zimetawanyika katika maji, na kila moja itafanya kidoa chake.

Waliona nini? Dakika ya 5, vidoa vilevile. Dakika ya 10, vilevile. Dakika ya 20, vilevile. Kisha ilipopata kama dakika 30, idadi iliruka ghafula, ikawa zaidi ya mara 60, ikasimama tena. Basi faji hazivuji kutoka kwa bakteria moja moja kama maji katika mtungi wenye ufa. Hukaa ndani kimya nusu saa, kisha nyumba hubomoka na wote hutoka pamoja. Habari hii ilitolewa mwaka wa 1939.

Shika kalamu sasa tupige hesabu. Tuseme kila bakteria hutoa faji 100 kwa nusu saa. Baada ya nusu saa faji moja imekuwa 100. Baada ya saa moja 10,000. Baada ya saa moja na nusu 1,000,000. Baada ya saa mbili 100,000,000, kama bakteria wa kuwaingia wapo. Na bakteria mwenyewe, akigawanyika kila dakika 20, kwa saa mbili hizo anakuwa 64 tu. Kwa hesabu hii utaelewa jinsi ile chupa ya ukungu ya d'Herelle ilivyoweza kuwa safi.

Lakini angalia: jaribio hili latuambia faji zinavyotoka. Halituambii zilivyofanyika mle ndani katika ile nusu saa. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mwaka wa 1942 Bwana Thomas Anderson na Dakta Salvador Luria walitoa picha za faji zilizopigwa kwa darubini ya elektroni, chombo kinachokuza vitu kuliko darubini yoyote ya vioo. Luria alikuwa Myahudi wa Italia aliyezikimbia sheria za Mussolini akaenda Paris, kisha mwaka wa 1940 akaukimbia mji wa Paris kwa baiskeli mbele ya majeshi ya Ujerumani. Katika picha zile faji ilionekana ina kichwa na mkia, mfano wa kiluwiluwi cha chura. Faji za namna hiyo ukizipanga kichwa kwa mkia, kama 5,000 zitafanya urefu wa milimita moja. Nazo zilionekana zimemshika bakteria kwa nje. Ajabu! Hata bakteria alipokuwa karibu kupasuka, zile zilizomshambulia zilikuwa bado ziko nje, zimening'inia kama kupe juu ya ng'ombe.

Sasa mahali pagumu pa pili. Bwana August Doermann hakungoja bakteria wapasuke wenyewe. Katika majaribio aliyoanza kuyaeleza mwaka wa 1948 alisimamisha kazi yao kwa sumu ya sayanaidi na kuwapasua yeye, wengine dakika ya 5, wengine dakika ya 10, na kuendelea, apate kuona kilichomo. Kama faji hugawanyika, dakika ya 5 tungetazamia kuona mbili, au nne, au walau ile moja iliyoingia. Ile moja hapana budi iwemo, si ndiyo?

Haikuwamo. Bakteria aliyepasuliwa mapema hakuwa na faji hata moja yenye nguvu ya kuua. Mgeni ameingia nyumbani, umefungua mlango nyuma yake, humkuti. Wataalamu waliuita muda huo kupatwa, kama tusemavyo kupatwa kwa mwezi. Ilipopita kama dakika 12, faji nzima zilianza kuonekana, nazo ziliongezeka si kwa maradufu, 2, 4, 8, 16, bali kwa hatua sawasawa, kama vile 5, 10, 15, 20. Usione kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Kuku wakizaana huongezeka kwa maradufu, kwa kuwa vifaranga nao hukua wakataga. Viti vya seremala huongezeka kwa hatua sawasawa, kwa kuwa kiti hakizai kiti. Ni karakana inayovitoa. Basi bakteria aliyeingiwa alifanana na karakana.

Lakini karakana hufanya kazi kwa maagizo. Maagizo hayo yaliingia kwa njia gani, iwapo ganda la faji lilibaki nje?

Jibu lilitolewa mwaka wa 1952 na Alfred Hershey na msaidizi wake Bibi Martha Chase, kijana wa miaka ipatayo 24, katika maabara ya Cold Spring Harbor karibu na New York. Faji ina vitu viwili tu vya maana: ganda na mkia wake ni protini, na kichwani mwake umekunjwa uzi wa asidi iitwayo DNA. Protini ina salfa ndani yake lakini haina fosforasi. DNA ina fosforasi lakini haina salfa. Basi wakalea faji za kundi moja kwa salfa inayotoa miali, na faji za kundi la pili kwa fosforasi inayotoa miali, ili kila kitu kiweze kufuatwa kwa chombo cha kupimia miali popote kiendapo. Ni kama kumfunga ng'ombe kengele shingoni ujue amekwenda malisho gani.

Wakaziacha faji zikamate bakteria dakika chache. Kisha wakatia vyote katika mashine ya umeme ya kusagia na kuchanganyia vyakula, ileile iliyokuwa ikiuzwa kwa matumizi ya jikoni, wakaizungusha. Mzunguko ule uliwang'oa kupe, lakini haukumwua ng'ombe. Wakatenganisha bakteria na maji, wakapima. Salfa nyingi, kadiri ya sehemu nne katika tano, ilikuwa imebanduka imo majini. Fosforasi iliyo nyingi ilikuwa imo ndani ya bakteria. Na bakteria wale, ambao maganda ya faji yamekwisha kung'olewa juu yao, wakaendelea kama kwamba hakuna lililotokea, wakapasuka kwa wakati wao na kutoa faji mpya. Faji zile mpya zilirithi karibu theluthi moja ya fosforasi ya wazazi wao. Salfa haikufika sehemu moja katika mia.

Hii ndiyo maana ya kupatwa. Faji haikujificha, ilikuwa imevua nguo zote mlangoni ikaingia uzi mtupu, na uzi mtupu peke yake hauwezi kumkamata bakteria mwingine, kwa hiyo hauonekani sahanini kama kidoa. Mwaka uliofuata, 1953, umbo la uzi huo wa DNA likafafanuliwa huko Cambridge, na mmoja wa wawili waliolifafanua, James Watson, alikuwa mwanafunzi wa Luria. Mwaka wa 1969 Delbrück, Luria na Hershey walipewa Tuzo ya Nobel. Bibi Chase hakuwamo. Jina lake limebaki katika jina la jaribio, nami sidhani kwamba hayo yalimtosha.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu ni kinyume chake. Tuchukue ile faji iitwayo T4, iliyosomwa kuliko nyingi, na bakteria wa tumboni aliyewekwa katika joto la mwili wa binadamu. Faji hutua juu ya bakteria kwa miguu yake sita myembamba. Mkia wake hujikunja, bomba lililomo ndani husukumwa likatoboa ngozi ya bakteria, na uzi ukapita. Mara moja maagizo ya kwanza huanza kusomwa. Asomaye ni nani? Ni bakteria mwenyewe, kwa vyombo vyake mwenyewe, kwa nguvu za chakula alichokula mwenyewe, maana faji haikuja na chombo chochote cha kutengenezea protini. Katika dakika chache uzi wa urithi wa bakteria hukatwakatwa, na vipande vyake hutumika kufumia nyuzi mpya za faji. Wa faji wenyewe haukatwi, kwa kuwa moja ya herufi zake ina alama isiyopatikana katika uzi wa bakteria. Baadaye husomwa maagizo ya vichwa, ya mikia, na ya miguu.

Vitu hivi havitoki vikiwa faji nzima. Vichwa hutengenezwa kando, mikia kando, miguu kando, kisha huunganishwa. Uzi wa DNA, ulio mrefu mara mia kadhaa kuliko kichwa, hushindiliwa ndani kwa nguvu, ndipo mkia ukaungwa, mwisho miguu. Mwaka wa 1966 Robert Edgar na William Wood, palepale Pasadena, walionyesha jambo hili kwa njia ya kupendeza. Walichukua faji zenye kasoro: kundi moja liliweza kufanya vichwa na mikia lakini si miguu, na kundi la pili miguu lakini si vichwa. Wakapasua bakteria wa makundi yote mawili, wakachanganya maji yao katika kichupa. Vipande vikaungana vyenyewe humo kichupani, zikapatikana faji nzima zenye kuua, pasipo bakteria hai hata mmoja. Kisha, katika bakteria, kazi ya mwisho ni kumtoboa: kimeng'enya kilichotengenezwa kwa agizo la faji hula ukuta wake, naye hupasuka. Faji mia au mia mbili hutoka.

Turudi sasa kwenye ugomvi. Kwa haya yote utasema d'Herelle alishinda na Bordet alishindwa. Ngoja kidogo.

Palepale katika Taasisi ya Pasteur walikuwako mume na mke, Eugène na Élisabeth Wollman. Katika miaka ya 1930 walishikilia kwamba wale bakteria wa Bordet hawakuchafuliwa, bali wana faji ndani yao kwa namna nyingine, namna ya urithi, wanaipokezana mzazi kwa mtoto. Tena mwaka wa 1937 walikuwa wameona dalili za kule kupotea kwa faji ndani ya bakteria, miaka zaidi ya kumi kabla ya Doermann. Wachache waliwasikiliza. Mwezi wa Desemba 1943 walikamatwa kwa kuwa ni Wayahudi, wakapelekwa Auschwitz. Hawakurudi.

Baada ya vita mwenzao André Lwoff aliichukua kazi ile. Mwaka wa 1949 alimtenga bakteria mmoja wa namna hiyo katika tone moja dogo, akamtazama kwa darubini. Alipogawanyika, alimhamisha mmoja katika tone jipya; akaendelea hivyo hata vizazi 19. Akapima matone: hayakuwa na faji. Na hata hivyo kila bakteria alikuwa bado na uwezo wa kutoa faji. Mara mojamoja tu bakteria alitoweka ghafula, na tone lake likakutwa limejaa faji. Mwaka wa 1950 yeye na wenzake waliwamulika bakteria wale kwa miali ya urujuanimno, ile miali ya jua isiyoonekana inayochoma ngozi, nao karibu wote wakapasuka, wakatoa faji.

Basi ziko njia mbili. Ipo faji kali, kama T4, inayoua kila inapoingia. Na ipo faji pole, ambayo uzi wake hujiunga na uzi wa urithi wa bakteria, ukalala, ukanakiliwa kila bakteria anapogawanyika, vizazi na vizazi, mpaka siku bakteria atakapopatwa na taabu. Ndipo huamka na kujenga faji. Faji ni kirusi kweli, kama alivyosema d'Herelle. Na katika bakteria wale ilitoka ndani yao kweli, kama alivyosema Bordet. Lwoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1965.

Utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yatuhusu hivi. Mwaka wa 1951 iligunduliwa kwamba bakteria wa dondakoo asiye na faji fulani pole ndani yake hatoi ile sumu inayoua watoto. Agizo la kutengeneza sumu limo katika uzi wa faji, si wa bakteria. Na mwaka wa 1996 ikaonekana kwamba kipindupindu ni vivyo hivyo: sumu inayomkausha mgonjwa maji ndani ya saa chache ililetwa kwa bakteria na faji iliyolala ndani yake.

Siku hizi, kwa kuwa bakteria wengi wamezizoea dawa kama penisilini na haziwaui tena, madaktari wameirudia ile dawa aliyoinywa d'Herelle. Huko Tbilisi, katika Georgia, haikuachwa kamwe. Taasisi iliyoanzishwa na George Eliava mwaka wa 1923 ingali inafanya kazi, ingawa mwenyewe aliuawa na serikali ya Stalin mwaka wa 1937. Lakini anayetayarisha faji za kuwapa wagonjwa leo haziokoti tu katika maji machafu na kuzichuja. Kwanza husoma uzi wote wa DNA wa kila moja, akitafuta vitu viwili: agizo la sumu, na agizo la kulala. Akiona kimojawapo, faji hiyo haimfai mgonjwa, hata kama sahanini inaua bakteria vizuri kuliko nyingine zote.